Sheria yamtambua aliyefiwa, yamsahau anayeuguza

MFANYAKAZI wa Tanzania Bara anayefiwa na mama yake ana haki ya likizo yenye malipo isiyopungua siku nne. Mama huyohuyo akilazwa wodini wiki tatu kabla ya kufariki dunia, sheria haimpi mfanyakazi huyo hata siku moja ya malipo ya kukaa kando ya kitanda chake.

Tofauti hiyo imo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayosimamia likizo za waajiriwa wengi nchini. Kifungu cha 34, kama kilivyoandikwa wakati sheria hiyo ilipotungwa, kinataja sababu zinazomwezesha mfanyakazi kuzipata siku hizo nne: ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na kifo cha mwenzi wake wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Ugonjwa umetajwa mara moja tu, nao ni wa mtoto. Mume, mke, baba na mama wanaingia katika orodha wakishakufa.

Kiswahili kina neno kwa kila hali kati ya hizo mbili. Aliyeondokewa na ndugu husemwa amefiwa. Mwenye mgonjwa nyumbani au hospitali husemwa ameuguliwa. Ofisi nyingi zinajua la kufanya na wa kwanza. Hupewa ruhusa siku hiyohiyo, wenzake humchangia rambirambi, na pengine gari la ofisi humfikisha mazikoni. Wa pili hupewa pole, kisha hutarajiwa kazini kesho yake saa 1:30 asubuhi kama kawaida.

Siku nne kwa miaka mitatu

Jambo ambalo waajiriwa wengi hawalijui ni kwamba siku hizo nne si za kila msiba wala za kila mwaka. Mzunguko wa likizo ya aina hii ni miezi 36, na sheria inasema wazi kuwa siku nne ndizo jumla yote katika mzunguko huo, hata yakitokea matukio matatu au manne. Mzazi aliyezitumia zote Januari kwa mtoto aliyelazwa kwa malaria kali, kisha akafiwa na baba yake mwaka unaofuata, hana tena siku ya malipo anayoweza kuidai. Mwajiri anaweza kumruhusu aongeze siku, lakini siku hizo za nyongeza hazilipwi. Mwajiri pia ana haki ya kudai uthibitisho wa tukio kabla ya kulipa.

Likizo nyingine katika sheria hiyo ni pana zaidi. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya ugonjwa, yaani ya mfanyakazi mwenyewe kuugua, ni siku 126 katika miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na baada yake mama ana haki ya kupewa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Baba hupata siku tatu, mradi azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo hizi zenye malipo, isipokuwa wale wanaorudi kwa mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja kwa mwaka na jumla ya vipindi vyao ikavuka miezi sita.

Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi yaliyogusa eneo hili. Mama aliyejifungua mtoto njiti sasa huongezewa muda uliokuwa umesalia hadi ujauzito kufikisha wiki 40, hatua iliyokuwa imedaiwa kwa muda mrefu na wazazi wa watoto hao. Marekebisho hayo pia yaliweka nafasi ya likizo isiyo na malipo ya hadi siku 30, iwapo mfanyakazi na mwajiri watakubaliana. Kwa anayeuguza mzazi, hiyo ni nafuu ya kulinda ajira, lakini si nafuu ya mfuko. Mwezi ambao nyumba ina mgonjwa ndio mwezi wenye matumizi makubwa kuliko yote, na ndio anaotakiwa auishi bila mshahara.

Sheria hiyo ya mwaka 2004 haiwahusu wanajeshi wa JWTZ, polisi, askari magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Watumishi wa umma wana pia sheria na kanuni zao za utumishi, na Zanzibar inatumia Sheria yake ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005.

Mji wa watumishi walio mbali na wazazi

Pengo hili lina uzito wa pekee Dodoma. Uamuzi wa kuufanya mji huo makao makuu ulifikiwa na TANU mwaka 1973, lakini wizara zilianza kuhamia kwa kishindo baada ya tangazo la Rais John Magufuli la mwaka 2016. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji na sheria ya kuitangaza rasmi kuwa makao makuu ikapitishwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya mwaka 2022 ikakuta watu 765,179 katika jiji hilo. Hao walioongezeka si wote waliozaliwa Ugogoni. Wengi ni watumishi na wafanyabiashara waliofuata Serikali, na wazazi wao wamebaki Bukoba, Songea, Moshi au Tanga.

Kwa mtumishi wa aina hiyo, kuuguza huanza na safari. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imemsogeza karibu mwenye mgonjwa Dar es Salaam au Morogoro. Mwenye mama mgonjwa Kagera bado anatumia siku nzima ndani ya basi kwenda, na nyingine kurudi.

Upande wa pili wa hali hiyo unaonekana Chimwaga, mahali palipojulikana zamani kwa ukumbi uliopokea mikutano mikuu ya CCM. Tangu mwaka 2007 eneo hilo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwaka 2015 ikafunguliwa hapo jirani Hospitali ya Benjamin Mkapa. Upandikizaji wa figo ulianza hospitalini hapo mwaka 2018, na mwaka 2023 ukafuata upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu. Huduma hizo, ambazo awali familia nyingi zilizifuata India, sasa huwaleta Dodoma wagonjwa wa mikoa mingi. Kila mgonjwa huja na ndugu wa kumhudumia, na ndugu huyo aghalabu ni mtu mwenye kazi mahali fulani.

Matibabu ya aina hiyo hayapimiki kwa siku nne. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa kawaida huhitaji kufika kwenye mashine mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa hapo kwa takriban saa nne. Kwa mwaka ni safari 156. Mtoto wa selimundu anayewekewa uloto hukaa chini ya uangalizi kwa wiki nyingi, na mama hawezi kumwacha. Huyu wa pili angalau ametajwa na sheria, kwa kuwa ni mtoto wa mfanyakazi. Siku zake nne zitakwisha kabla vipimo vya awali havijakamilika.

Kazi isiyo na cheo

Ndugu wa mgonjwa katika hospitali za Tanzania si mgeni anayeleta maua. Ndiye anayeleta uji asubuhi na chakula cha mchana, anayefua mashuka na nguo, anayemgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, anayekimbia na karatasi ya daktari kwenda duka la dawa, anayepanga foleni ya maabara na ya malipo. Usiku, asiye na jamaa mjini hulala kwenye mabenchi au mkeka nje ya wodi. Wauguzi ni wachache kuliko wagonjwa, na kama ndugu hao wangeondoka wote siku moja, wodi nyingi zingeshindwa kufika jioni.

Mgonjwa akiruhusiwa, kazi huhamia nyumbani. Aliyepooza upande mmoja kutokana na kiharusi huhitaji mtu wa kumwogesha, kumlisha, kumnyoosha viungo na kumpa dawa za shinikizo la damu kwa saa zake. Hali hii inaweza kudumu miaka. Familia zilizowahi kumpeleka mgonjwa wa akili Mirembe, hospitali ya Dodoma inayopokea wagonjwa kutoka nchi nzima, zinajua kwamba siku ya kumrudisha nyumbani ndiyo mwanzo wa kazi hasa. Zamani ya karibu ina somo lake pia: janga la Ukimwi lilipokuwa kali zaidi, katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Serikali na makanisa walijenga huduma nzima ya wagonjwa majumbani juu ya mabega ya ndugu wasiolipwa, wengi wao wakiwa bibi waliolea pia wajukuu yatima.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inaitaja familia kuwa chombo cha msingi cha kuwatunza wazee. Ni kauli ambayo wachache wangeipinga. Ila sera iliyompa mtu wajibu huo haikufuatwa na sheria ya kumpa muda wa kuutimiza.

Mabega hayo ni ya wanawake zaidi. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria mwaka 2018 kwamba duniani kote saa bilioni 16.4 hutumika kila siku katika kazi za matunzo zisizolipwa, na kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa hizo. Mwaka 2024 shirika hilo likakadiria kuwa wanawake milioni 708 wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya matunzo, dhidi ya wanaume milioni 40.

Watu wanavyojipenyeza

Penye pengo la sheria, watu hutafuta upenyo. Wa kwanza ni likizo ya mwaka: mfanyakazi huimega vipande vipande kwa ajili ya mgonjwa, na Desemba humkuta hajapumzika hata wiki moja. Wa pili ni ED, karatasi ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa, ambayo baadhi huitafuta kwa jina lao wakati anayeumwa ni mama. Wa tatu ni uongo wa msiba. Utani wa maofisini kuhusu mfanyakazi aliyefiwa na bibi yuleyule mara tatu unachekesha, lakini una mantiki yake: mtu huuzika kwa maneno ugonjwa ambao fomu ya likizo haina nafasi ya kuuandika.

Wa nne ni kumtafuta dada wa kazi. Familia yenye kipato humleta msichana kutoka kijijini, aghalabu asiye na mafunzo yoyote, akamgeuze na kumlisha mzee aliyepooza. Hapa husahaulika kuwa dada huyo naye ni mwajiriwa chini ya sheria hiyohiyo ya mwaka 2004, mwenye haki ya siku 28 za mwaka na siku nne za kifungu cha 34. Naye ana mama.

Asiyemudu lolote kati ya hayo huacha kazi. Katika familia yenye watoto wengi, kikao cha ukoo humteua mmoja, na mara nyingi anayeteuliwa ni binti mwenye mshahara mdogo au asiyeolewa. Hesabu ya kikao inaeleweka, kwani mshahara mdogo ndio unaopotea kwa urahisi. Kinachosahaulika katika hesabu hiyo ni michango yake ya NSSF inayokatika.

Wasio na mwajiri

Haki yoyote ya likizo, hata ikiongezwa mara kumi, humfikia mwenye mwajiri tu. Watanzania wengi hawana. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anayeuguza mkewe wakati wa mavuno hana wa kumwomba ruhusa, na zabibu zilizoiva hazimsubiri. Mama lishe wa Majengo akikaa wodini siku tano, amepoteza mtaji na wateja. Dereva wa bodaboda aliyekodi pikipiki hudaiwa hesabu ya siku hata kama ameipaki nje ya hospitali.

Mifumo ya hifadhi iliyopo inawagusa watu hawa kwa upande mmoja. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao mizizi yake iko katika mradi ulioanza Dodoma mwaka 2011, ulikuwa ukitoza Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumfikia kila mtu. TASAF imekuwa ikitoa ruzuku kwa kaya maskini. Bima hulipa dawa na kitanda. Siku za anayekaa kando ya kitanda hazimo katika kitita chochote.

Mfano wa karibu zaidi wa malipo yasiyodai ajira uko Zanzibar. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa pensheni jamii ya Sh20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, awe alichangia mfuko au hakuchangia, na baadaye kiwango hicho kikaongezwa. Si fedha za anayeuguza, lakini zinaonyesha kuwa malipo kwa wote yanaweza kuendeshwa kwa kodi katika nchi hii.

Nani alipe

Hoja ya waajiri dhidi ya likizo mpya haipaswi kupuuzwa. Mwenye steshenari yenye wafanyakazi watatu, akitakiwa kumlipa mmoja wao mwezi mzima akiwa hospitali na baba yake, atalazimika pia kumlipa wa kushika nafasi yake. Mzigo huo akiubeba peke yake, safari nyingine ataajiri vijana wasio na wazazi wazee, au hataajiri wanawake. Ndiyo maana nchi zilizofanikiwa katika jambo hili hazikumtwika mwajiri mmoja, zimeunda mfuko.

Rwanda ilitunga mwaka 2016 sheria ya bima ya likizo ya uzazi. Mwajiri na mfanyakazi kila mmoja huchangia asilimia 0.3 ya mshahara kwenye Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya nchi hiyo. Katika utaratibu wa awali wa wiki 12, mwajiri alilipa wiki sita za kwanza na mfuko ukalipa sita za mwisho. Mwaka 2023 likizo hiyo ikaongezwa hadi wiki 14, ambacho ndicho kiwango cha chini katika Mkataba wa ILO Namba 183 wa mwaka 2000. Siku 84 za Tanzania ni wiki 12.

Kwa kuuguza watu wazima, mifano iko mbali zaidi. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1997 ilitoa siku tatu za majukumu ya familia kila mwaka, nayo pia ikataja ugonjwa wa mtoto tu. Japani hutoa hadi siku 93 kwa kila ndugu anayehitaji matunzo, wakiwamo wazazi na wakwe, na bima ya ajira hulipa asilimia 67 ya mshahara. Marekani, kwa utajiri wake wote, imetoa tangu mwaka 1993 wiki 12 zisizo na malipo, na kwa sehemu za kazi zenye wafanyakazi 50 au zaidi. Jimbo la California lilianza kulipa mwaka 2004 kwa makato ya wafanyakazi wenyewe.

Tanzania haihitaji kwenda mbali kutafuta umbo la mfuko wa aina hiyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ulianza kupokea michango ya waajiri mwaka 2015. Waajiri binafsi walianza kwa asilimia 1 ya mishahara, na mwaka 2022 kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.5. Aliyeumia kazini sasa hulipwa na mfuko wa waajiri wote, si na mwajiri wake peke yake. Kumlipa anayeuguza kwa njia hiyohiyo ni suala la uamuzi wa sera, kwa kuwa ofisi za kukusanya michango tayari zipo.

Njia iliyo wazi kwa sasa

Kwa sheria ilivyo, mwajiriwa mwenye mgonjwa asiye mtoto wake ana njia chache. Anaweza kuomba kwa maandishi sehemu ya likizo yake ya mwaka, akiambatanisha cheti cha hospitali. Anaweza kuomba likizo isiyo na malipo iliyowekwa na marekebisho ya mwaka 2025, akikumbuka kuwa mwajiri halazimiki kukubali. Mwenye mtoto mgonjwa anapaswa kuzidai siku zake nne kwa jina lake, kwani baadhi ya waajiri huzikata kimakosa kwenye siku 28 za mwaka. Mgogoro ukishindikana kumalizwa ofisini hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Njia pana zaidi ni mkataba wa hali bora. Viwango vya sheria ni vya chini, na chama cha wafanyakazi kina uhuru wa kujadiliana na mwajiri hadi kuongeza siku za kuuguza mzazi au mwenzi wa ndoa. Mkataba huo ukishasainiwa, humfunga mwajiri. Kuongeza maneno "ugonjwa wa mwenzi au mzazi" katika sheria yenyewe kunahitaji muswada, ambao kwa kawaida hupitia kwanza Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, ambako Serikali, waajiri na wafanyakazi hukaa meza moja, kabla ya kufikishwa bungeni Dodoma.